Karatasi Ilikuwa ya Mguu

Kemi mwanangu,

Naweza kusema. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu na habari za mvua nitazunguka mpaka wino uishe, na wewe utakuwa umesharudi kutoka Kituntu kumuaga shangazi yako. Naweza kusema, na si kuanzia leo. Ni tangu ile wiki tulipokuwa tunaanika kahawa uwanjani. Nyinyi wote mlikuwa shambani, yule beberu akapanda juu ya kahawa yangu na kwato zake chafu, nami nikamtukana. Tusi zima, halikupungua hata kipande. Mbuzi akanishangaa, nami nikajishangaa. Halafu nikatazama huku na huku kama mwizi, nikafunga mdomo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikudanganya.

Usicheke mwandiko. Mkono wa kulia bado umenigomea, haya ni ya mkono wa kushoto, yanapanda na kushuka kama njia ya Nyakakika. Mama yako yuko jikoni anamenya ndizi, na kila mara anachungulia dirishani kuona kama naandika kweli au nasinzia. Yeye alinigundua juzi. Alinikuta nyuma ya nyumba namwita paka. Akasimama, mikono kiunoni: "Kumbe! Baba Kemi! Kumbe!" Nilidhani atashangilia. Wapi! Akasema, "Utamwambia mtoto kabla hajapanda basi. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na nitakavyomwambia mimi hutapenda." Unamjua mama yako.

Utauliza, kama mdomo upo, barua ya nini? Ni hivi. Maneno yanatoka mojamoja, mengine yanakwama kabisa. Neno likikwama nakasirika, nikikasirika nafoka, na sitaki kukuomba msamaha huku nafoka. Halafu naona aibu, Kemi. Naona aibu sana. Karatasi hainitazami usoni.

Jana nilikuwa nimejilaza barazani, mkadhani nimelala. Nikakusikia ukimwambia mama yako, "Mama, nafikiri nitaghairi tena. Baba akizidiwa, hospitali watamuuliza nani? Karatasi ina jina langu." Mama yako akageukia barazani. Alikuwa ananitazama mimi, nami nikabana macho kama mtoto anayejificha. Mwaka jana uliiacha nafasi yako ya chuo kule Mbeya kwa ajili ya karatasi hiyo, na mwaka jana ilikuwa haki, maana kiharusi hakikuniachia hata neno moja. Mwaka huu ukighairi hawatakupa tena, ulisema mwenyewe. Na utakuwa umeghairi kwa ajili ya mtu anayetukana mbuzi! Hapana. Heri unichukie ukiwa Mbeya kuliko unihurumie ukiwa hapa.

Lakini siwezi kukueleza nilichokufanyia wewe bila kukueleza nilichomfanyia bibi yako. Habari yenyewe unaijua nusu. Nusu nyingine nimekuwa nikiimeza.

Bibi yako alianguka kibanjani kwake Nyakakika akipunguza majani makavu ya migomba. Nyonga ikavunjika. Hospitali wakasema atapasuliwa, na kwa kuwa atalazwa usingizi wa dawa, ni vizuri awepo mtu mmoja wa kuamua kama litatokea jambo. Mtu mmoja, si ukoo mzima ukipiga kelele mlangoni. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Bibi akatuita wanawe wote kitandani, akatoa kahawa ya kutafuna iliyokuwa imefungwa kwenye ncha ya kanga, akaanza na mimi, kutoka kiganja chake mpaka changu. Tukatafuna wote. Akasema, "Nikiwa nimelala, huyu ndiye mdomo wangu." Mwenyekiti wa kijiji akaandika, sisi tukatia saini, yeye akagonga muhuri.

Sasa, mimi ni mrithi. Baba alipofariki ukoo ulinikalisha kwenye kiti chake, wakanipa mkuki wake, na hayo hayana mwisho mpaka nami nife. Hakuna mrithi anayerudisha kiti. Basi ile karatasi ya mama niliipokea kichwani mwangu pamoja na kiti na mkuki, nikaona ni kitu kilekile. Tena tulikuwa tumetafuna kahawa, na kwetu kahawa ukishaitafuna mbele ya watu huitemi. Sikujiuliza hata mara moja itaisha lini. Cha mrithi kinaishaje?

Upasuaji ukaenda salama. Bibi yako akaamka, na neno lake la kwanza lilikuwa kulalamika kwamba uji hauna sukari. Mtu anayelalamikia uji ana akili zake zote. Kazi yangu ilikuwa imekwisha palepale, nilipaswa kukunja karatasi yangu nirudi kuwa mtoto wake. Waitu, jamani! Mimi ndiyo kwanza nikavimba kichwa. Muuguzi akija na kumuuliza, "Bibi, umelalaje?" namjibu mimi. Nilimpa dawa nilizotaka mimi. Nikaamua asirudi Nyakakika, akae hapa Igurwa, chumba kile unachofungia mizigo yako sasa. Alikaa. Mgeni akija kumsalimu, bibi anasema, "Mimi niko kwa Projesti," kama mtu anayeeleza kwamba amefungwa.

Uvimbe wa tumbo ulipoanza ndipo nilipoharibu kabisa. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umeanza sekondari, umekuja na chupa ya chai. Daktari alitueleza vizuri tu. Tunaweza kupasua tena, akasema, lakini huenda isisaidie na huenda asiamke vizuri. Au tumpe dawa za maumivu akapumzike nyumbani. Akamgeukia bibi yako, akamuuliza. Bibi yako akajibu kwa Kinyambo, sauti kavu, kwamba anataka kwenda kwake, alale kitanda chake, asikie migomba yake ikichakarika kwa upepo. Akaeleza hata njia ya kupita ili gari lisitikisike sana.

Nami nikatoa karatasi mfukoni. Nilikuwa natembea nayo, unaona? Iliwekwa kwenye nailoni. Nikamwambia daktari, "Anayesaini ni mimi. Mpasueni."

Bibi yako akanitazama. "Projesti," akasema, "ile karatasi ilikuwa ya mguu."

Nikacheka, Kemi. Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kama watu wazima wawili tunaoelewana: "Mzee ameanza kuchanganyikiwa." Ulisimama na chupa yako ukasema, "Baba, mbona bibi anaongea vizuri?" Nikakwambia unyamaze, mambo ya watu wazima hayakuhusu. Daktari alikuwa kijana, amechoka, na mbele yake ana mwanaume mwenye koti na muhuri. Akaniamini.

Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Nilijua. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa watu waseme mrithi alimrudisha mama yake nyumbani akafe kama mnyama. Niliogopa maneno ya watu wa Nyakakika kuliko nilivyomsikia mama yangu.

Walimpasua. Aliamka vibaya, kama daktari alivyoonya. Alibaki wodini, mipira puani, na kila alipopata nguvu aliuliza kama kuna mtu aliyetandaza nyasi kwenye kahawa yake. Nilimjibu ndiyo, na hapakuwa na mtu. Siku moja nilimpelekea uji, safari hii wenye sukari nyingi, akageuza uso ukutani. Hakunisemesha tena. Alikufia pale. Nilikuwa nimemnyang'anya mdomo, na ule kidogo uliobaki aliamua asiupoteze kwangu.

Na bado sikutosheka! Msibani, wajomba zangu walipokuwa wanapanga azikwe wapi, nikatoa karatasi. Mjomba akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema bila hasira yoyote, "Mgonjwa hayupo, Projesti. Unamsemea nani?" Tukamzika Nyakakika. Alirudi kwake kwa njia ileile aliyoieleza, gari likaenda polepole kama alivyotaka. Nililia njia nzima na nikadhani ni msiba tu.

Halafu akaja mwanasheria mmoja mwanamke kanisani, baada ya ibada, kutufundisha habari za wosia na mashamba. Nikanyoosha mkono nikauliza kana kwamba namuulizia jirani: ile karatasi ya kumsemea mgonjwa inadumu muda gani? Akanijibu bila kutafuta maneno. Inategemea ameandika nini, akasema. Kama ameandika ni ya upasuaji fulani, upasuaji ukiisha nayo imeisha. Kama hakuweka mwisho, inakaa mpaka aiondoe mwenyewe akiwa na akili zake, au afariki. Akifariki imekufa naye. "Lakini hata kabla ya hapo, mzee," akasema, "haifanyi kazi muda ambao mgonjwa anaweza kuamua mwenyewe. Mgonjwa akifungua mdomo, wewe funga wako." Watu wakacheka. Sijui kama kila hakimu wa nchi hii atasema hivyohivyo, nakupa kama nilivyopewa. Najua tu kwamba nilikaa kitini na somo la mashamba lote likanipita.

Ndipo nilipoambiwa nina presha nikaandika karatasi yangu, nikaweka jina lako. Ukoo ulinung'unika. Baba yako mdogo alinijia juu, eti wana wa kiume wapo, unampa msichana? Sikumjibu. Sasa nakujibu wewe. Nilikuchagua kwa sababu chumba kile cha hospitali kilikuwa kimejaa watu wazima, na wewe peke yako, na chupa yako ya chai, ndiye uliyesikia kwamba bibi anaongea. Lakini ujinga haunitoki haraka. Sikuandika mwisho wake. Nilimwambia mwenyekiti aandike "ataamua juu ya matibabu yangu," nukta, muhuri, basi.

Kiharusi kikanipata, nikawa gogo. Na wewe ukafanya nini? Baba yako mdogo alileta gari ili nipelekwe kwa mganga huko Kyerwa, ukasimama mlangoni ukamwambia gari litaondoka tupu. Hilo kila mtu analijua. Lakini nilichokiona mimi ni kingine. Kabla hujasaini chochote ulikuwa unakuja kitandani, unashika kidole changu cha mkono huu wa kushoto, unanieleza jambo zima kama ulivyoelezwa na daktari, halafu unasema, "Baba, ukikubali bana. Ukikataa acha." Unangoja. Watu wamesimama nyuma yako, wengine wanakohoa, wewe unangoja. Karatasi ilikupa ruhusa ya kuniamulia, na bado uliniuliza. Mimi mama yangu alikuwa anazungumza sentensi nzima na sikumuuliza. Nililia pale kitandani ukadhani ni maumivu, ukaniitia muuguzi. Haikuwa maumivu.

Sasa utasema, baba, kama uliona hayo yote, ukanifichaje? Nitakuambia ukweli mchafu.

Kwanza nilisema moyoni, ngoja nihakikishe, maneno yasije yakarudi yalikotoka. Hiyo ilikuwa sababu ya siku chache. Baadaye ikawa nyingine. Nilikuwa nimezoea. Jioni unakuja barazani na kigoda chako, unanisomea vituko vya kwenye simu, unanicheka nikitokwa na uji mdomoni, unanifuta. Kabla ya kiharusi mimi na wewe tulikuwa tunaongea nini? Umefunga mbuzi? Nimefunga. Umekula? Nimekula. Mtoto gani anakaa na baba mkali kama mimi saa nzima? Nilipokuwa bubu ulikaa. Nikasema, mdomo huu ukifunguka, huyu anaondoka. Nikaufunga.

Na kuna sababu ya chini kabisa, hata mama yako sijamwambia. Naogopa hospitali. Naogopa kulala pale sina sauti, na wewe uko mbali, na juu yangu amesimama mtu mwenye koti na karatasi ya muhuri, anamwambia daktari kwamba mzee amechanganyikiwa. Naogopa kuangukia mikononi mwa mtu kama mimi.

Lakini hofu hiyo ni yangu, siyo mzigo wako. Nimekushikilia kwa karatasi iliyokwisha, kama nilivyomshikilia bibi yako kwa karatasi iliyokwisha. Kule nilijifanya yeye hawezi kusema, hapa nikajifanya mimi siwezi. Nimemfanyia mama yangu, nimemfanyia na binti yangu niliyempa jina lake. Nisamehe, Kemi. Usinisamehe haraka kwa kunihurumia. Kasirika kwanza. Ukitaka kunifokea nifokee, ila jihadhari, sasa naweza kujibu.

Basi sikiliza. Karatasi ile naiondoa, mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu. Isitoshe ilikuwa imelala tangu siku ya beberu. Huna la kunisemea. Mama yako na mimi tutakwenda kwa mwenyekiti wiki ijayo tuandike nyingine kwa jina lake, na safari hii mwisho utaandikwa: ni kwa wakati ambao siwezi kusema wala kubana kidole, na nikiweza tu, hata nusu ya neno, imeisha mpaka nizidiwe tena. Nikishakufa ni kazi ya ukoo. Mama yako nimemweleza habari yote ya bibi, jana baada ya wewe kutoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ningekuwa mimi ningekupiga na chupa ya chai." Nadhani niko kwenye mikono salama. Atakupigia simu akitaka ushauri wako. Ushauri tu. Usipande basi kwa kila kikohozi changu.

Huko unakokwenda utafundishwa kuhudumia wagonjwa, na siku moja atakuja mtu kama mimi. Utamjua. Atakuwa na karatasi kwenye nailoni na atajibu kabla hujamaliza swali. Usimdharau, huenda anampenda mgonjwa wake kweli, mimi nilimpenda mama yangu. Mpe kiti. Halafu inama mpaka kwa mgonjwa, mshike kidole, umuulize yeye, na ungoje kama ulivyonifanyia. Sikufundishi, najua unajua. Nataka tu ujue kwamba mimi nililiona.

Jua linazama na mama yako anasema nimalize kabla hujaingia. Barua hii ataiweka juu ya begi lako. Uisome leo, usiisome ndani ya basi, maana nataka uamke kesho ukiwa unajua.

Mwaka huu mzima, kila asubuhi, umekuwa ukija kitandani kwangu unasema, "Shikamoo baba," na kwa kuwa mimi siitiki, unajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito ya kuigiza, "Marahaba mwanangu," halafu unacheka ili nisione haya. Miezi hii ya mwisho nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, nikakuacha uniitikie. Kesho alfajiri kabla hujaenda Omurushaka kupanda basi, njoo useme shikamoo, halafu nyamaza. Linachelewa kutoka, Kemi. Ningoje.

Baba yako,
Projesti